Mke Mwenza wa Mawe

Kambini, ng'ambo ya Ngerengere
22 Juni 2024

Mama Glory,

Usishtuke kuona barua. Sijafungwa wala siumwi. Simu zetu zote zimekusanywa, zimo kwenye sanduku la bati hemani kwa Daktari Raya, kwa sababu mwaka jana kijana mmoja alirusha picha ya mfupa mtandaoni na haikupita wiki wakaja watu na sururu wakitafuta rupia za Mjerumani. Mpaka kazi iishe tutaandikiana kama walivyofanya wazee wetu. Yunusi, yule wa fuso anayenunua kabichi hapo Mlali, ndiye anayeleta mboga huku. Majibu mpe yeye.

Kazi niliyodhani ni ya kuchimba kumbe ni ya kubembeleza. Tuliyempata ni dinosaria, mnyama mla majani wa zamani sana, kabla hajazaliwa mtu yeyote duniani. Mwili kama nyumba, lakini habari yake hasa ni shingo. Pingili moja tu ya shingo ni ndefu kama jembe na mpini wake. Tunafuata pingili baada ya pingili tukitafuta kichwa. Hapa tunamwita Bibi Shingo. Daktari ameona nina mkono mwepesi, akaninyang'anya sururu akanipa brashi.

Siku ya kwanza nilikataa kugusa. Nilimwambia Daktari kwamba mfupa ni mfupa, na kwetu mfupa haufukuliwi hivihivi mtani asipokuwepo. Bahati nzuri mpishi wetu, Mwaisha, anatoka kwenye ukoo wa watani wangu. Akanimwagia maji ya unga mikononi, akanitukana mimi na wajomba zangu wote, ndipo nikaanza kazi roho ikiwa imetulia.

Malipo si haba. Nyumba ya matofali tuliyoiota sasa inawezekana. Nimepachagua pale nyuma ya jiko, penye migomba, pana tambarare nzuri. Mwambie fundi Gervas aje apime, na migomba ile aikate.

Msalimu Glory. Mwambie baba anacheza na udongo kutwa na analipwa.

Castory


Mlali
30 Juni 2024

Baba Glory,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maji ya kunyweshea nyanya yakipita bure mferejini. Glory hajambo. Anauliza kama huyo bibi yako anang'ata.

Kwa hiyo una mkono mwepesi. Mimi nimeishi nawe miaka tisa sijaujua. Mkono ninaoujua mimi ni ule unaofunga mlango mpaka bawaba zinalia, ule uliovunja sahani za harusi kwa kuosha mara moja. Leo umepewa brashi na unapangusa shingo ya mwenzangu taratibu, vumbi kwa vumbi. Haya. Mimi pia shingo ninayo. Imebeba ndoo na matenga ya nyanya kabla hujanijua na baada ya kunijua, na hakuna aliyewahi kuipangusa hata kwa ncha ya kanga.

Usicheke. Nina wivu, na nauandika kwa kalamu ili baadaye usiseme hukusikia.

Kuhusu nyumba: pale nyuma ya jiko hapana. Jenga mbele, jenga karibu na njia, jenga hata juu ya banda la kuku. Migomba ile isiguswe. Usiniulize sababu.

Winfrida


Kambini
13 Julai 2024

Mama Glory,

Nimecheka peke yangu mpaka Mwaisha akauliza nimekula nini. Mke wangu anamwonea wivu marehemu! Bibi huyu hana nyama, hana macho, na kichwa chenyewe hatujakiona mpaka leo.

Lakini nikwambie kweli, ungemwona ungemhurumia. Mfupa wake kwa nje utadhani ni jiwe zito, kumbe ndani una vyumba vyumba kama mkate wa kumimina. Daktari anasema ndiyo maana aliweza kuinua shingo yote ile. Ukiukandamiza unamomonyoka. Unapangusa kidogo, unadondosha gundi tone kwa tone, unangoja ikauke. Halafu unauvisha karatasi za chooni zilizoloweshwa, na juu yake vipande vya magunia vilivyochovywa kwenye plasta, kama mguu uliovunjika. Upepo ukivuma natoka kwenye blanketi kuangalia kama turubai lake limekaa. Nimejikuta nazungumza naye. Namwambia, bibi, tulia, bado kidogo.

Alikuwa hatafuni. Majani anayang'oa na kuyameza mazima kutwa nzima, kama shemeji yangu Andrea akialikwa harusini.

Na hapo kwa Andrea ndipo ninapotaka kufika. Najua si wewe unayekataa msingi. Ardhi ni ya lukolo lenu, ukoo wa upande wa mama, mimi ni mwanamume niliyehamia na jembe na sufuria moja. Glory ni mtoto wa ukoo wenu. Akiumwa anaulizwa mjomba, akifaulu anapongezwa mjomba. Hayo ni desturi, nami sikutoka nchi nyingine, nimeyameza. Ila nyumba nataka niijenge mahali nilipopachagua mimi, mara hii moja tu. Mwambie kaka yako hivyo.

Castory


Mlali
28 Julai 2024

Baba Glory,

Andrea hajui lolote. Hata ukimuuliza leo kwa nini pale pasiguswe, atakutumbulia macho. Usimtwike kaka yangu mzigo wa wanawake.

Yunusi alikuja akashusha maneno kabla ya kupakia kabichi. Eti kambini kuna mpishi anakuita mume wangu mbele za watu, anachomoa nyama kwenye sahani yako na anavaa kofia yako. Alidhani nitapasuka. Nilimwambia mtani ana haki yake, kwetu mtani akimtamani kuku anamkamata na mwenye kuku anashukuru. Mwaisha simwonei wivu hata kidogo. Mwanamke anayekutukana hadharani hana cha kunificha.

Mimi namwonea wivu hilo jiwe lako. Unatoka kwenye blanketi kuangalia turubai lake. Unangoja gundi ikauke, wewe uliyeshindwa maisha yako yote kungoja chai ipoe. Unaliambia litulie. Mimi nilipokuwa nahitaji kuambiwa nitulie, nani aliniambia? Kulikuwa na jambo moja tu katika ndoa yetu lililotaka ukae karibu nalo, na wewe kesho yake asubuhi ulichukua jembe ukaenda shamba. Nilikutazama dirishani mpaka ukapotea kwenye mahindi.

Sitasema zaidi. Nimeolewa uke wenza na mawe, basi nakubali, lakini mke mkubwa ni mimi, na mke mkubwa amesema nyuma ya jiko hapachimbwi.

Kabichi za wiki hii zina wadudu kidogo. Nimewachagua mwenyewe.

Winfrida


Kambini
17 Agosti 2024

Winfrida,

Kabichi tumezila pamoja na wadudu wake.

Kuhusu lile jembe, sijibu. Kuna mambo mwanamume hapaswi kuyauliza, nami sikuuliza. Nashangaa unanilaumu kwa kushika adabu.

Lakini la msingi nalijibu. Nimempa Yunusi ujumbe wa Gervas: Jumatatu aanze, migomba ikatwe, mtaro uchimbwe. Andrea akitaka kunifukuza anifukuze nikiwa na msingi. Yeye ana ardhi, ana ukoo wa mtoto wangu, ana neno la mwisho kwenye meza ninayoilisha mimi. Kwa nini na migomba mitatu iwe yake? Ndiyo, na mimi nina wivu. Nimekuwa nao tangu siku ya harusi, aliposimama akasema, "Huyu tumempokea," kana kwamba nimetupwa na mafuriko. Wewe umeandika wako kwa kalamu, huu ni wangu.

Castory


Mlali
25 Agosti 2024

Castory,

Gervas alikuja na vijana wake na kamba. Nilimpikia chai, nikampa na muhogo, kisha nikachukua panga na kigoda nikaenda kukaa katikati ya migomba. Akaniuliza, "Dada, kuna nini?" Nikamwambia kuna mimi. Akakunja kamba akaondoka. Usimlaumu, na chai alimaliza.

Sasa nasikia jingine. Yunusi anasema umelia. Anasema watu wote kambini walikuona umeweka brashi chini na kumlilia Bibi Shingo, machozi yakadondoka kwenye plasta.

Wewe. Umelia.

Mimi machozi yako siyajui rangi. Nilikaa nikiyangoja, nikajiambia labda huyu mtu Mungu hakumpa, kuna watu wamezaliwa hivyo, tusimlazimishe. Nikakuonea huruma, Castory! Nikasema moyo wake ni mkavu, nimfunike. Kumbe maji yalikuwemo, yalikuwa yanamngoja mnyama asiye na kichwa.

Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi.

Winfrida


Kambini
1 Septemba 2024

Kwako wewe mke wa mtani wangu, mwizi wa mume wangu,

Kalamu naishika kama mwiko, basi vumilia. Mimi ni Mwaisha, mpishi. Kabichi zako nazijua kabla sijakujua wewe, na zile za wadudu nilizielewa tangu nilipofungua gunia. Nikasema, huyu mwanamke ana hasira na akili.

Mume wako hali. Mwanamume mwenye tumbo kama kibuyu anarudisha sahani imejaa, mimi nitamwibia nini? Ndiyo maana naandika.

Yunusi aliona machozi, maneno hakuyasikia. Mimi nilikuwa pale na birika la chai. Kando ya shingo ya yule bibi walipata pingili nyingine, ndogo, inakaa kwenye kiganja. Daktari Raya akasema ni ya mtoto wa wanyama hao hao. Castory akauliza kama ni mwanawe. Daktari akasema hilo halijulikani, huenda mto uliwakokota tu wakalala pamoja, na tena wataalamu wanadhani wanyama wale walikuwa wakitaga mayai na kwenda zao. Castory akasema, "Akaenda zake? Hata hakuuliza wamemlaza wapi?" Daktari akacheka kidogo, hakujua. Mtani wangu akaweka brashi chini, akalia. Na alilia vibaya.

Nilimfuata nyuma ya jiko. Nikamtukana kwanza, maana ndiyo kazi yangu. Nikamwambia sura yake ikilia inatisha kuku. Akacheka, na kwenye kile kicheko ndipo likatoka. Akasema, "Mtani, kabla ya Glory tulipata mtoto. Nilikuwa mjini nauza nyanya. Niliporudi wanawake walikuwa wamekwisha maliza kila kitu. Mama mkwe akaniambia nioge, nile. Mtoto mchanga wanazika wanawake, baba haonyeshwi na haulizi. Usiku mzima nililiuma shuka nisiulize. Kulipokucha nikaogopa kwamba nikikaa ndani nitauliza, nikachukua jembe. Sikulima. Nilikaa kwenye mahindi mpaka jua likawa juu. Miaka yote hii sijui wamemlaza wapi. Sijui hata kama alikuwa wa kiume au wa kike."

Mume hamuulizi mke na mke hamwambii mume. Ndiyo maana wazee wakaweka watani, tuseme yasiyosemeka halafu tukamate kuku. Mimi nimesema. Sijui migomba yako ina nini, ila nina masikio, na barua zako anaziweka chini ya mto pamoja na soksi, nusu ya kambi tunajua umekataa ikatwe.

Unanidai nini? Mimi ndiye ninayekudai kuku. Asiwe mzee.

Mwaisha


Mlali
8 Septemba 2024

Baba Glory,

Nilisema usiniandikie mpaka nikuandikie. Sasa naandika.

Nimekaa kwenye kigoda kilekile, kwenye migomba. Panga nimelirudisha ndani.

Watu wananiita Mama Glory. Kila wakiniita naitika, na kila nikiitika kuna sehemu yangu inasema sikuanza umama kwa Glory. Nilidhani wewe ulimsahau. Nilidhani kwako hakuwa mtu, alikuwa bahati mbaya ya shambani, kama nyanya zilizopigwa na baridi, unapanda nyingine. Glory alipozaliwa ukacheka na kuita majirani, nami nikakuchukia kidogo siku ile, Mungu anisamehe.

Alikuwa wa kiume. Alilia mara moja, sauti nene kama yako. Mama akaona hatafika mbali, na parokia iko mbali, akachota maji kwa kata akambatiza mwenyewe. Akamwita Amani. Kulipopambazuka hakuwepo. Shangazi zangu walichimba, mama akamfunga kwenye kanga yangu ya harusi, mimi nikashikwa mkono nikasimama. Hatukulia kwa sauti, mtoto mchanga hawekewi matanga. Juu yake mama alipanda mgomba mmoja, na hii mingine imechipua yenyewe. Mama mwenyewe aliniambia nisikuonyeshe, eti mwanamume akijua mahali, moyo wake unabaki pale na nyumba haiendi mbele. Nikamtii. Alipokufa nikaendelea kumtii, sijui kwa nini.

Ndizi za hapa sijauza hata mkungu mmoja. Nakupikia wewe.

Nilipokusoma unavyomvisha yule mnyama karatasi na magunia, unavyomwambia atulie, niliona wivu, na haukuwa wivu wangu. Nilimwonea wivu kwa niaba ya mtoto wako. Nilitaka brashi ile iwe yake.

Ndiyo sababu pale hapachimbwi. Andrea hajui. Sasa unajua wewe.

Winfrida


Kambini
14 Septemba 2024

Mama Amani,

Nimeliandika jina hilo kwanza kwenye kipande cha gunia, kuujaribu mkono. Mwaisha amelisoma, na kwa mara ya kwanza hakunitukana.

Daktari amenipa ruhusa na simu yangu. Simu sijaiwasha. Ningepiga ingelia mfukoni kwa Andrea, maana simu ya nyumbani anatembea nayo yeye, na hili sitaki lipitie kwa mtu. Nakuja Ijumaa na fuso la Yunusi, nimeshamwambia njia nzima asiongee.

Gervas asogeze msingi upande wa njia, hata nyumba ikitoka na kona.

Sina cha kuleta. Bibi Shingo ni wa Daktari, na plasta imehesabiwa. Nimepewa brashi moja iliyochakaa, eti kwa kazi nzuri. Nakuja nayo.

Nionyeshe.

Castory


Mlali
2 Novemba 2024

Baba Amani,

Leo ni siku ya marehemu. Nimetoka kanisani, na kwa mara ya kwanza nimelitoa jina lake lisomwe pamoja na ya wengine. Lilisomwa katikati, baada ya la mama. Glory akanivuta mkono akauliza Amani ni nani. Nimemwambia. Sasa anataka kujua kama angemshinda mbio.

Yunusi anasema mmemaliza kumfunga Bibi Shingo kabla mvua hazijaanza, na kichwa hamkukipata. Pole yako na pole yake. Mwambie Mwaisha kuku wake nimemfunga mguu, yumo kwenye tenga hili, ni mtetea na hajataga bado. Asije akasema nimempa bibi mwenzake.

Msingi umeinuka. Una kona kama goti, kila anayepita njiani anauliza kama fundi alikuwa amelewa. Andrea naye aliuliza. Nikamwambia kila kitu, pale pale, mbele ya tofali. Alikaa chini. Gervas akaacha kazi kumwangalia. Kisha akasema, "Kumbe mimi ni mjomba wa wawili, na mmoja hata sikumpokea." Akavua kofia. Tangu siku hiyo kila asubuhi analeta maji ya kumwagilia matofali, na hatoi amri yoyote. Ukirudi msalimie vizuri. Usimwonee wivu tena, na yeye alifichwa kama wewe, aliambiwa mimba iliharibika tu.

Limebaki moja. Ile Septemba uliposhuka kwenye fuso nilikuonyesha, nikaondoka nikakuacha. Ulipiga magoti ukapangusa majani makavu na udongo kwa ile brashi, taratibu, mpaka chakula nilichokuwa nimekupikia kikapoa. Nikasema ni haki yako. Lakini mwezi uliopita ulikuja tena, na hukuingia mlangoni. Hukunisalimu. Ulipitia nyuma ya jiko moja kwa moja, brashi mkononi. Nilisimama pale na mwiko, nimevaa kanga mpya, nimesuka nywele, nikaona wivu. Castory, niliona wivu ule ule kabisa!

Usiiache njia hiyo. Ukirudi wiki ijayo pitia huko huko kwanza. Huu wivu nitauweka, nimeungoja miaka minane.

Ila ukimaliza kwake, brashi usiiache kwenye migomba. Ingia nayo ndani. Tunapanda kabichi wiki nzima, na vumbi lote liko shingoni kwangu.

Winfrida, Mama Amani